Bibi Alinisamehe Upya

Harufu ya vitumbua vya mchele, ile inayopanda pale rojo la nazi linapogusa mafuta ya moto, hunikamata popote, hata katikati ya zogo la stendi ya Kibiti. Mara moja hunirudisha Ruaruke, uani kwetu, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa na miaka saba na, msinicheke, nilikuwa mwongo hodari.

Mama alidamka kila siku kwenda bondeni kuamia ndege wasimalize mpunga. Mimi nilibaki na bibi, ambaye alikwisha kuanza kusahau. Akitaka kuniita, alipitia kwanza majina ya wanawe wote, kama mwalimu anayeita mahudhurio, kisha akakata tamaa: "Wewe, mke mwenzangu, njoo hapa!"

Asubuhi moja, nikiwa nimekwisha kula vitumbua vyangu vitatu na kufuta mafuta mdomoni, aliniuliza kama nimekula.

"Bado, bibi," nikasema.

Alishtuka, akaniomba radhi, akanipa vingine vitatu. Basi nikawa nimepata ufundi. Karibu kila siku nilikula mara mbili, na sikumwona bibi akibaki ameishika sahani tupu, akiitazama.

Jioni moja, mama amerudi na matope ya bonde miguuni, nilimsikia bibi akimwambia, "Nipelekeni kwa mwanangu Kibiti."

"Kwani umekosewa nini, mama?"

"Sijakosewa. Mtu asiyejua kama amemlisha mtoto au hakumlisha, huyo ni wa kuachiwa mtoto? Kesho ntasahau moto, niwachomee nyumba."

Sikuwahi kumsikia bibi akiogopa kitu. Nilijitupa miguuni pake nikayasema yote, machozi na kamasi pamoja. Mama aliinuka kutafuta fimbo. Bibi akamzuia, kisha akacheka hadi kanga ikamteleza kichwani.

"Kumbe kichwa changu kizima! Tatizo ni huyu mwizi!" Akanivuta sikio, polepole. "Njia ya mwongo fupi, mke mwenzangu. Nimekusamehe."

Nilidhani yamekwisha. Haikupita wiki, bibi akaanza tena kuomba apelekwe Kibiti. Maungamo yangu yalikuwa yamemtoka, hofu imebaki. Hakukumbuka vitumbua wala uongo, ila alijua kwamba mahali fulani ameshindwa kumtunza mtoto. Ikabidi niungame upya. Akashangaa upya, akacheka upya, akanisamehe upya.

Ikawa hivyo hadi mpunga ukavunwa. Mara ya kwanza nililia. Mara ya nne niliona haya. Baadaye nikachoka kabisa, nikawa namjibu kwa mkato. Mama akanivuta kando.

"Wewe umelisema mara kumi," alisema. "Yeye analisikia leo."

Nikarudi, nikaketi, nikalisimulia tangu mwanzo.

Bibi hakupelekwa Kibiti. Alikaa nasi miaka mingine mitano, na majina yakamtoka moja moja: la jirani, la mama, langu.

Leo mimi mwenyewe nimevuka sitini. Naingia chumbani, nasimama, sijui nilichofuata. Binti yangu akiniuliza kwa upole kama nimemeza dawa, namjibu kwa ukali, kwa kuwa kweli sijui. Nalisahau swali lake kabla ya adhuhuri, lakini ule wasiwasi nashinda nao mchana kutwa. Ndipo nikaelewa nilichomfanyia bibi. Mambo humtoka mtu mzima, bali namna yalivyomgusa moyo hukaa. Nilimtia hofu kwa sababu ya ulafi wangu, na hofu ile ilidumu ndani yake kuliko sababu yenyewe.

Lakini haikukaa hofu peke yake. Siku zake za mwisho hakunijua hata kidogo. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni nasimama mlangoni, naye ananitazama kama mgeni aliyepotea njia. Hakuuliza mimi ni nani. Alijisogeza tu pembeni mwa mkeka, akapapasa pale palipobaki wazi, akangoja niketi.