Injini Tuliyolipwa

Mashine ya kukoboa mpunga niliyofanyia kazi Ifakara ilikuwa kwenye barabara ya kwenda kivukoni, na mwenye mashine, tajiri wetu, alikuwa mwajiri mzuri. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii, watu humtukana kabla sijafika katikati. Miaka ya mwanzo alitulipa kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, na sikukuu alitupa mchele na nyama ya kwenda nayo nyumbani. Wafanyakazi wa kudumu tulikuwa wawili. Fundi, mzee wa Kipogoro kutoka Mahenge, ndiye aliyeendesha injini. Mimi nilipima mpunga wa wateja, nikapokea pesa, nikapepeta na kufagia pumba. Wengine wote walikuwa vibarua, walikuja na mavuno na kuondoka nayo.

Mambo yaliharibika tajiri alipokopa pesa akanunua lori. Masika ya kwanza tu lori likapinduka njia ya Mlimba, likiwa limebeba mchele wa watu. Hakufa mtu, ila mchele uliloa wote na wenyewe wakataka chao. Kuanzia hapo ikawa, "Nisubirini kidogo, jamani." Tukamsubiri. Mavuno yakaja, mashine ikanguruma kutwa, na kila jioni nilimkabidhi pesa ya siku nzima mkononi. Yeye akaenda kuwagawia wanaomdai. Sisi alitupa ya sabuni na chumvi. Ilipoingia kiangazi akafunga mlango kwa kufuli na kutuambia kazi imesimama. Mishahara yetu iliyolala ilikuwa imekaribia mwaka.

Mume wangu wakati huo alikuwa kambi za uvuvi, chini huko mtoni, na alirudi nyumbani pale tu samaki wakavu walipotosha kubeba. Nilikuwa na watoto wawili, na mkubwa alikuwa ameanza shule. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpitia Fundi, tukaenda kukaa barazani kwa tajiri. Alikuwa anatoka mkewe, mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayupo. Ametoka mapema."

Baiskeli yake tuliiona imeegemea ukutani pale ukumbini. Fundi aliitazama, akanitazama, kisha akasema, "Haya mama, tutarudi kesho." Mama yule alishika fremu ya mlango na kuangalia chini hadi tulipotoka uani. Nilimchukia wakati ule. Nilidhani uongo ule ni wake.

Mtu mmoja sokoni ndiye aliyetushauri twende kwa afisa kazi. Nilikuwa sijui hata kama yupo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale bomani, na mwenyewe alikuwa kijana mpole mwenye kikohozi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akamwandikia tajiri barua ya kumwita. Hakuja. Akamwandikia ya pili, yenye maneno makali zaidi, akatuma tarishi aipeleke mpaka mkononi. Safari hii tajiri alifika, amevaa shati jeupe, na kabla hajaketi akaanza kulia. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia ofisini. Alisema hakatai deni, hana tu pa kulitoa.

Afisa kazi alitupa nafasi. "Nendeni mkazungumze nyumbani," alisema. "Mkielewana, rudini wote watatu hapa tuandikishane."

Tukaenda. Mama akatuletea chai na mihogo ya kuchemsha, akakaa mlangoni kwenye kigoda. Tajiri alizunguka maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Chukueni injini."

"Injini ipi?" aliuliza Fundi.

"Ile ya zamani. Na kinu chake cha kukobolea."

Nyuma ya jengo la mashine kulikuwa na injini ya dizeli, ile ya gurudumu zito pembeni, ya kuwashwa kwa hendeli. Aliiweka kando siku alipoleta ile mpya. Kuku walikuwa wakitagia chini yake. Mimi nilitaka kukataa. Nisingeweza kumpeleka mtoto shule kwa chuma kibovu. Lakini Fundi aliomba tukaione, akaizunguka kimya, akaingiza vidole humu na humu, akazungusha gurudumu nusu duara. Kisha akanivuta pembeni.

"Mwanangu, huyu hana pesa. Hata mwaka kesho hatakuwa nayo. Tukiacha hii, wenye mchele watakuja kuichukua wao."

"Inafanya kazi?"

"Sasa hivi haifanyi."

Nikakubali, kwa sababu sikuona kingine cha kukubali. Tajiri akasema mbele yetu wote, mkewe akisikia, kwamba deni limekwisha, injini na kinu ni vyetu. Bomani hatukurudi. Tuliogopa kwamba usiku mmoja ungetosha kumbadilisha mawazo. Fundi alikimbia kumtafuta Msukuma mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe, na jua lilipotua injini ilikuwa uani kwangu.

Mume wangu aliporudi na samaki aliikuta. "Ndiyo mshahara?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Utaipika kwa nazi au kwa karanga?"

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Fundi alikuwa na mkwe wake upande wa Mngeta, kijiji ambacho wanawake walitwanga mpunga kinuni au kubeba gunia kwenye baiskeli hadi mashine ya mbali. Akasema huko ndiko kwa kuipeleka. Kwanza aliifungua yote, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa kwenye beseni langu la kufulia, ambalo halikutakata tena. Ringi za pistoni tulinunua kwa pesa ya samaki wa mume wangu, ambaye alinung'unika lakini akatoa. Nozeli, ile ya kupulizia dizeli, tuliipata kwa mtu aliyekuwa akiuza vyuma vikuukuu. Kisha tukaipakia kwenye behewa la mizigo la treni, vijana sita wakisukuma na Fundi akiwatukana kwa Kipogoro wasiiangushe, tukashuka nayo Mngeta.

Siku ya kuwasha, nusu ya kijiji ilikuja. Fundi alipiga hendeli, injini ikakohoa na kunyamaza. Akapiga tena. Watoto wakaanza kucheka. Aliendelea hivyo mpaka fulana ikamganda mgongoni, akapumzika, akanywa maji, akarudi. Ilipowaka ilitoa moshi mweusi uliotufunika sote, halafu mlio ukatulia, tu-tu-tu-tu, na mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele. Yeye ndiye mteja wetu wa kwanza. Alileta debe moja tu la mpunga, kwa kutoamini.

Nilihamia huko na watoto, tukapanga chumba kwa mkwe wa Fundi. Mkubwa akaendelea na shule palepale kijijini. Mapato tuligawana nusu kwa nusu baada ya kutoa dizeli, na pumba tuliuza kwa wafugaji. Hatukutajirika, ila nilikuwa nalala nikijua kesho kuna unga.

Msimu wa pili ulikuwa umeshika kasi pale tajiri alipoteremka kwenye treni. Alikuja na mgambo wawili. Amekonda, lakini kavaa shati jeupe kama lile la bomani. Alisimama kwenye mlango wa kibanda chetu, akasubiri Fundi azime injini, kisha akasema amekuja kuchukua mali yake.

"Mali gani?" Fundi aliuliza.

"Hii niliwaazima, mjishikize mpaka nitakapowalipa. Sasa ninawalipa." Akatoa noti kutoka mfukoni. Nilizitazama nikajua hata mishahara ya miezi miwili haitimii.

Fundi alishika spana. Sijui alitaka kufanya nini nayo, na nadhani hata yeye hakujua. Nilimshika mkono, nikatuma mtu kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alitukalisha ofisini kwake. Akauliza karatasi ya makubaliano iko wapi, tukasema haipo. Tajiri akatulia kitini, na nikaona jinsi alivyotulia. Afisa kazi tuliyemtegemea alikuwa amehamishwa, hakuna aliyejua ni wapi, na wala hakuwepo tulipopewa injini.

"Nani mwingine alisikia?" mwenyekiti aliuliza.

"Mke wake," nilisema.

Tajiri alicheka kidogo. "Basi kamleteni."

Mwenyekiti akaamua injini isiguswe na mtu yeyote, si sisi wala tajiri, mpaka wiki ijayo. Mpunga wa watu ulikuwa umejaa kibandani. Nikapanda treni kwenda Ifakara.

Nilimkuta yule mama uani anaanika dagaa wa mtoni. Mumewe alikuwa bado Mngeta, amelala kwa jamaa zake ili kuilinda injini. Mama alinikaribisha, akanipa maji. Nilimweleza yote bila kupamba. Alisikiliza huku akigeuza dagaa mmoja mmoja.

"Unataka nije kumwumbua mume wangu mbele za watu," alisema.

"Nataka uje useme ulichosikia, mama. Basi."

"Kwako ni basi. Mimi nitarudi naye nyumba moja."

Nikamaliza maji, nikamrudishia kikombe, nikaaga. Njiani kurudi nilimwambia Mungu tu kwamba nimechoka. Nilipomweleza Fundi, alisema ndivyo alivyotegemea, akaanza kukusanya spana zake kwenye gunia.

Siku ya shauri tulikuwa tumeshakaa ofisini, tajiri upande mmoja na sisi upande mwingine, pale treni ilipopiga honi stesheni. Baada ya muda mama aliingia, miguu ina vumbi, khanga kajitanda kichwani. Aliwaamkia wote, akamwamkia na mumewe. Mwenyekiti akampa kiti, akakataa kukaa.

"Aliwapa," alisema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewapikia chai. Alisema deni limekwisha, vitu ni vyao."

Tajiri akasema, "Wewe unajua nini kuhusu biashara?"

"Biashara sijui. Najua ulivyokuwa ukinituma kila asubuhi nikawaambie hawa kwamba hupo, na wewe upo chumbani umekaa kitandani. Nilisema vile kiangazi kizima. Watoto wetu walinisikia. Siku hawa walipoondoka na ile injini nililala usingizi, baba. Usinirudishe tena pale mlangoni."

Alimwita baba, kwa sauti ileile ya chini. Tajiri alitazama sakafu. Mwenyekiti alimuuliza kama ana la kuongeza, akatikisa kichwa. Mwenyekiti akasema injini ni yetu, ikawa imekwisha.

Mgambo waliondoka kivyao. Treni ya kurudi ilikuwa bado sana, na mtu na mkewe hawakurudi kwa jamaa zake, wakakaa kuisubiri kwenye benchi mbele ya kibanda chetu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na stesheni. Alikaa yeye ncha hii na mama ncha ile. Fundi aliwasha injini, foleni ya wateja ikaanza kusogea. Mimi nilikwenda kupika. Nilipika wali na perege wa mume wangu, nikapakua sahani tatu. Moja nilimpelekea Fundi. Ya pili nilimpa mama. Nilisimama na ile ya tatu mkononi kwa muda, maana moyo haukutaka, halafu nikaenda nikamwekea tajiri mapajani.

"Karibu chakula, baba."

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Asante, mwanangu," alisema, akanawa, akala akamaliza. Mama alikula polepole, akibagua miiba na kuipanga pembeni mwa sahani.

Treni ilipofika mumewe alitangulia kupanda. Mama aligeuka akanishika mkono, akauliza kama watoto wangu wanasoma, nikasema mkubwa yuko darasa la tatu. "Vizuri," alisema, akapanda behewa lilelile. Nilijaribu kuona dirishani kama watakaa pamoja lakini watu walikuwa wengi.

Sijui walizungumza nini huko njiani. Mama niliwahi kumwona tena mara moja, sokoni Ifakara, akinunua vitunguu. Tulisalimiana kwa kirefu, na habari ya injini haikutajwa. Tajiri sikumwona tena. Injini tuliitumia mpaka umri ulipomzidi Fundi akashindwa kupiga hendeli, akaniuzia nusu yake kwa malipo ya kidogo kidogo, ambayo nilimpelekea kwao Mahenge kila mwisho wa mwezi, na kilichobaki alipofariki nikamkabidhi mjane wake.