Nilivyobishana na Katoni Mbele ya Wakwe

Jamani, aibu hii ni yangu, afadhali niisimulie mwenyewe kabla majirani zangu wa mtaa wa Kasha hawajawasimulia, maana wao wanatia chumvi.

Siku hiyo wazazi wa mchumba wangu Furaha walikuja kwetu kutuona, kabla hawajasema kama wananipa binti yao au hawanipi. Tonton wangu, mdogo wake baba (mtu wa kupenda sifa, Mungu amsamehe), akaunganisha kamera yake mpya na televisheni bila waya hata mmoja, akawasomea wageni maandishi ya katoni yake: picha na sauti hufika mita mia mbili.

"Tonton, karatasi haikatalaka kitu," nikasema, maana mimi ni asistanti, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu, na nilitaka baba mkwe aone akili zangu. "Na hizi kuta za matofali? Picha haitapita hata jikoni."

"Beba basi kamera, wende nayo," Tonton akajibu.

Nikaibeba, nikapita jikoni, nikapita choo, nikashuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na kwa kuwa nilijua kabisa (nilijua!) kwamba huko hakuna kinachofika, nikaona heri nifanye mazoezi ya maneno ya kuomba mke, nikaiweka kamera juu ya jiwe, nikaipigia magoti kana kwamba ndiyo baba mkwe: "Papa, mimi bila Furaha siko mutu..." Nikakwama. Nikaanza tena, nikakwama tena, machozi yakanitoka. "Ee Mungu, huyu muzee ananitisha! Macho yake iko ya polisi wa roulage, wale wa barabarani!"

Niliporudi na kamera mkononi, sebuleni hakuna aliyenitazama. Wote walikodolea macho televisheni, na humo nikaona magoti yangu mwenyewe yakiingia mlangoni, kila chembe ya udongo inaonekana. Nilishangaa mpaka nikasahau kuona haya. Matofali yote yale, na picha safi namna hii!

"Endelea, mutoto yangu," baba mkwe akasema taratibu. "Ulikuwa umefika ku macho yangu."

Mama yake Furaha alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge, sijui ya kicheko au ya huruma. Nikapiga magoti mbele ya mzee mwenyewe, nikaanza upya: "Papa, mimi bila Furaha..."

"Acha, tumeshasikia. Dot, ile mahari, tutaizungumuza." Baba mkwe akaitazama ile mashine kwa heshima kubwa. "Lakini muzime kwanza hii kitu, sababu naona kwenu hakuna ukuta."

Nikaigeuza huku na huku natafuta kitufe cha kuzima, nisikione, na uso wangu umejaa televisheni nzima. Nimeapa: sibishani tena na kitu nisichojua kinazimwa wapi.