Steringi Hafi

Tangu ahamie kwa kaka yake baada ya kufiwa na mumewe, Shangazi alikuwa mtu wa chumbani. Akimaliza kula, huyoo kwenye cherehani yake, mlango ameurudishia. Wifi yake aliona anaringa. Mwenyewe aliona anawabana watu, na alishaamua: kesho anarudi kwake, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Jumapili hiyo mchana watoto wa kaka yake wakamvuta mkono hadi sebuleni. Kulikuwa na filamu ya Kihindi, ya wafalme wa zamani. Shangazi hakuwahi kutazama filamu maishani. Alikaa ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kuposa.

"Mbona wanaimba na adui yuko getini?"

"Ndiyo raha yake, Shangazi."

"Na farasi kavishwa hariri! Nani anaifua?"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini mfalme alipokwenda vitani, malkia akabaki dirishani, Shangazi aliacha maswali.

"Huyu harudi," alisema taratibu.

"Shangazi nawe!" Kijana mkubwa alimcheka. "Huyo ndiye steringi. Steringi hafi. Watakwisha wote, abaki yeye, tena nywele hazijavurugika."

"Kweli?"

"Ndivyo filamu zilivyo!"

Akashusha pumzi. Mishale ikamiminika, mfalme akaanguka, na Shangazi akatulia tuli akingoja ainuke, maana ameahidiwa.

"Inuka basi, baba," alinong'ona.

Hakuinuka. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Mmenidanganya," alisema, machozi yanamtiririka. "Na hospitali waliniambia hivyohivyo. Ataamka tu, mama, usihofu."

Kijana aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza Shangazi kumtaja marehemu mbele yao. Wifi alizima televisheni, akasogea karibu yake.

"Alikuwaje, wifi? Hujatusimulia hata siku moja."

Shangazi akajifuta uso. Akaanza na mwendo wake, alivyokuwa akitembea kama mtu aliyesahau kitu nyuma. Watoto wakacheka, naye akacheka. Giza liliingia, chai imepoa, bado hajafika hata kwenye harusi.

"Utamalizia kesho," alisema wifi.

"Kesho nina safari."

"Safari gani? Harusini kwenyewe hatujafika!"

Harusi aliimaliza Alhamisi.