Picha ya Esnath kwenye Pakiti ya Unga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, uwanja wa mpira ulio nyuma ya maghala ya mahindi mjini Makambako bado umefunikwa na ukungu. Esnath Mhema anapita kati ya mistari ya wanawake waliovaa masweta na soksi nzito, akihesabu kwa sauti.

"Nne, tano, magoti juu. Mama Aron, usinidanganye, nakuona."

Wanawake wanacheka. Aliye mwisho kabisa mstari wa nyuma hacheki. Ni Conjesta Kilasi, muuza mbao, na macho yake hayambanduki mwalimu.

"Nimerudi, lakini bado namwangalia," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Kurudi siyo kuamini."

Esnath, 39, ndiye mkufunzi wa mazoezi anayejulikana kuliko wote kati ya Njombe na Makambako. Video zake hutazamwa na maelfu ya watu, redio humwalika, na maharusi humtafuta miezi kadhaa kabla ya siku yao. Stendi, makondakta humwita Mama Magoti.

Hakuanzia huko. Alikuwa mchuma chai Lupembe, mwenye kilo 104, siku muuguzi alipompima shinikizo la damu, kisha akampima tena akidhani kipimo kimeharibika.

"Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema, basi anza kutembea leo hii."

Alitembea, baadaye akakimbia, kwenye njia za katikati ya mashamba ya chai. Miaka miwili ikaondoka na kilo 31. Alipohamia Makambako na mumewe Yoeli, fundi wa malori, majirani walimwomba awafundishe. Hata wakati huo wapo walionong'ona kwamba mwili ule haukupungua kwa kukimbia tu. Hakuwajali, mpaka Machi mwaka jana.

Mwezi huo Conjesta, aliyekuwa mwanafunzi wake, alianguka dukani kwake baada ya kuhara siku tatu. Kituo cha afya walimtundikia dripu nne. Ndani ya mkoba wake, ndugu zake walikuta pakiti ya unga wa kijani wa kupunguza tumbo. Juu ya pakiti kulikuwa na picha ya Esnath akitabasamu.

Habari zilifika uwanjani kabla ya Esnath. Wanafunzi 80 wakabaki tisa. Kanisani, kwenye benchi la kwaya, nafasi ya kulia na ya kushoto kwake zilibaki wazi.

Kilichomuumiza zaidi kilitokea nyumbani. Alitoka kuoga akamkuta Yoeli amemwaga kitandani kila kilichokuwa kwenye begi lake la mazoezi.

"Unatafuta nini?"

"Niambie ukweli tu, mama Jasmine," Yoeli alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Unauza?"

"Niliinama kitandani," anasema Esnath. "Nilikunja nguo zangu moja moja. Ningefungua mdomo ningelia."

Yoeli hakatai. "Nilimshuku mke wangu. Gereji waliniuliza kila siku."

Esnath alijitanda kitenge mpaka puani, akaenda stendi kununua pakiti moja. Akaitazama picha vizuri. Alikuwa amevaa jaketi la njano lenye zipu iliyokatika. Jaketi lile alilivaa siku moja tu, kurekodi video ambayo haikurushwa kwa sababu ya zipu hiyo. Picha za siku ile alikuwa nazo mtu mmoja: Remmy, mpigapicha wake wa miaka minne.

Alimfuata studio, akaweka pakiti mezani.

"Kamwene, Remmy," alimsalimu kwa Kibena. " Picha hii ni ya siku gani?"

Remmy aliigeuza pakiti uso chini. "Kuna mfanyabiashara alininunulia picha hii, akaniambia ni ya kalenda, dada. Nilipoiona stendi nikaogopa kukwambia."

"Uliiona lini?"

"Januari."

Ilikuwa miezi miwili kabla Conjesta hajaanguka.

Walikwenda polisi pamoja. Pakiti zilizobaki zilikamatwa, lakini mfanyabiashara alikuwa ameshahama gesti aliyopanga, na hajapatikana mpaka leo. Jumamosi iliyofuata Remmy alisimama uwanjani mbele ya wanawake 23 waliokuja kumsikiliza, akaeleza yote. Wengine waliamini. Wengine walisema amepangwa.

Mwandishi naye alimuuliza Esnath: inawezekana kweli hukujua kwa miezi miwili?

"Hata wewe?" anasema, bila hasira. "Mimi sinunui dawa za tumbo. Ningeiona wapi?"

Siku hizi wanafika 52. Conjesta alirudi kwa sharti moja, na Esnath akalikubali: kila mwezi muuguzi awapime wote uzito na shinikizo la damu, mwalimu akiwemo, na majibu yasomwe kwa sauti.

Mwezi Julai Esnath anakusudia kufungua darasa la pili Njombe mjini. Ameshampata muuguzi. Sasa anamwomba Conjesta awe msimamizi wa vipimo.

"Rafiki zangu wataniamini tu," anasema. "Nataka asimamie yule ambaye nikikosea atasema."

Conjesta hajakubali bado. Ameuliza basi la Njombe linaondoka saa ngapi.