Siku Miriam Alipofunga

Juzi nilisoma habari za mchezaji aliyekosa mechi kwa ajili ya Yom Kippur, saumu kuu ya Wayahudi, nikamkumbuka Miriam, mshambuliaji wa timu yetu ya wasichana shuleni hapa Dubai. Siku ya fainali hakuja. Uwanja ulinukia nyasi zilizotoka kumwagiliwa, nami nililia kwa hasira.

“Mwenzio amefunga,” mama alinibembeleza.

“Amefungaje na hajacheza?” nilimuuliza, nikidhani anasema mabao.

Mama alicheka, kisha akanieleza. Tulifungwa matatu.

Kesho yake Miriam alinisubiri mlangoni mwa darasa, ameinamisha macho.

“Umenikasirikia?”

“Ndiyo,” nilijibu, nikamkatia nusu ya chapati yangu, maana niliamini bado hajala tangu jana.