Namba ya Mposaji wa Sur

Mtoto wa ami yangu alirudi kwetu Nizwa, Oman, kutoka masomoni Marekani na shahada ya uhandisi, lakini kilichomkaa kichwani ni besiboli. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alituhubiria. Kila mchezaji ana namba moja, inayojumlisha anavyopiga mpira, anavyokimbia na anavyodaka. Namba hiyo husema timu imeshinda mechi ngapi zaidi kwa kuwa naye yeye badala ya mchezaji wa kujazia, yule wa kawaida anayepatikana upesi na kwa bei rahisi.

"Mbona tovuti mbili ulizotuonyesha zinampa mtu yuleyule namba mbili?" nikamwuliza.

"Kila moja ina kanuni yake."

Yaani mizani hazipatani zenyewe kwa zenyewe, ila zote zina desimali, kwa hiyo tuziamini.

Mama alikwisha kuamini. Wiki hiyo dada yangu alikuwa ameposwa na kijana wa Sur, mji wa mbali huko pwani, fundi wa kiwanda cha gesi. Dada alimtaka, mama hajaamua.

"Haya mwanangu," mama akamwambia mtaalamu wetu, "huyu mposaji ana ngapi?"

Hakucheka. Alitoa simu akapiga hesabu: kazi, sala, kimo, umbali wa Sur, mama mkwe. Mama mkwe alikatwa alama, na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

"Sifuri nukta tatu," alitangaza, kwa huzuni ya daktari. "Si hasara. Lakini hamzidi sana mtu wa kawaida."

Mama akashusha pumzi. "Basi tuwaambie hapana."

Dada alikuwa anamimina kahawa. "Mtu wa kawaida gani?"

"Yeyote. Aliyepo karibu, hana gharama."

"Wa humuhumu nyumbani?"

"Kwa mfano."

"Asiyeleta mvutano wa mahari?"

"Eeh, kwa mfano."

Kwetu kila msichana ana mtu kama huyo: mtoto wa ami, aliyewekwa akiba asipotokea mwingine. Wa dada yangu alikuwa amekaa mbele yetu, ameinamia simu.

"Alhamdulillahi, mwana wa ami," dada akasema, akimjazia finjani. "Hiyo nukta tatu anayokuzidi inanitosha."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akapiga simu Sur kuuliza wageni waje lini. Mtaalamu alikuwa bado anatueleza kwamba kanuni inahitaji marekebisho madogo.