Siku Lyamkena Nzima Iliponikimbia

Habari hii sikutaka kuisimulia, aibu yake bado naisikia masikioni, lakini kwa kuwa Makambako nzima wanaijua na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna moja nimeikuta Njombe mjini, eti nilikuwa natoa moshi), bora niseme mwenyewe ili mnicheke kwa yale niliyoyafanya kweli.

Mimi ni fundi seremala hapa Lyamkena, na zaidi ya hapo ni katibu wa kamati ya maafa ya kata, cheo ambacho hakina mshahara ila kina heshima, na heshima mimi naipenda, sifichi. Sasa kwetu hapa malori ya barabara kuu hayaishi kupita, mengine yamebeba dawa kali ambazo hata dereva mwenyewe hazijui, ndiyo maana watu wa ofisi ya mazingira ya serikali walikuja mwezi wa tano kutufundisha. Afisa wao, dada mmoja mpole anaitwa Rehema, alitueleza kwamba lori likipinduka watakuja kupima maji na udongo na kutuambia kilichomwagika ni nini, lakini wao wako Mbeya, na kabla hawajafika kazi ya kuwaondoa watu ni yetu. Akasema tusishuke bondeni kwa sababu hewa nyingi za sumu ni nzito, zinatulia chini. Tupande juu, upande upepo unakotoka, na kitambaa chenye maji puani. Somo hilo nililizungusha mimi, mtaa kwa mtaa, kanisani na kilabuni, mpaka mke wangu akadai hata usingizini nasema pandeni juu.

Dada Rehema akatuachia sanduku la vifaa kwa majaribio: ovaroli nyeupe zenye kofia, miwani mikubwa, barakoa za kuchujia hewa, mabuti na filimbi. Angerudi Jumamosi moja ya mwezi wa sita kutukagua, na tusipokuwa tayari sanduku linahamia kata jirani ya Mahongole. Na Mahongole (siwachukii, mke wangu nimemtoa huko) walikuwa wameshaanza kusema watu wa Lyamkena hawawezi kutunza hata ndoo. Nikaapa sanduku haliondoki.

Jumamosi hiyo ikaamka na ukungu, manyunyu, na baridi yetu ile ya mwezi wa sita ambayo wenyeji tunaijua na wageni huisimulia wakirudi kwao. Natafuta koti langu, halipo, mke wangu kalivaa kwenda kwaya. Lakini pembeni ya kabati kulikuwa na ovaroli moja, nzima na vikorokoro vyake (haikutakiwa kuwa kwangu kabisa, niliichukua kumwonyesha baba mkwe cheo changu), na ilikuwa lazima irudi sandukuni, ofisi ya kata, kabla ya ukaguzi. Nikajiambia, si naipeleka hukohuko, basi niivae tu. Nikapanda pikipiki. Mwendo kidogo masikio yakaanza kuuma, nikavuta kofia. Macho yakajaa manyunyu, nikavaa miwani. Pua nayo ilikuwa imekufa ganzi, na barakoa ilikuwa ikining'inia shingoni, ningeiachaje? Kwa kweli joto lake lilikuwa zuri sana.

Kufika sokoni nikaona lori limeegeshwa kando ya barabara, chini yake panachuruzika maji. Dereva hayupo. Nikasimama, kwa sababu katibu wa maafa hapiti tu kama abiria, nikapiga magoti na kuinama kuchungulia kile kinachovuja. Mbele yangu alikuwa amekaa Mama Upendo, muuza viazi, mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele tangu siku ya kwanza. Aliniangalia, akaliangalia lori, akaangalia yale maji. Akasimama, akatumbukiza kitenge kwenye ndoo, akajifunga puani, akapiga ukelele ambao soko zima liliusikia.

Watu wakaanza kukimbia. Ninyi mngefanyaje? Mimi nilijua maafa yametokea, tena siku ya ukaguzi, na katibu sina habari! Nikawakimbilia niwaulize kuna nini. Nikipiga kelele ndani ya barakoa inatoka sauti ya ng'ombe mgonjwa, na kadiri ninavyowakaribia ndivyo wanavyozidisha mbio. Babu mmoja wa fimbo alinipita, fimbo ikiwa kwapani. Nikafikiri, kama wanakimbia hivi basi kinachowafukuza kiko nyuma yangu, na hapo woga ukanishika hasa, nikaacha kuuliza nikawa nakimbia tu. Miwani ilikuwa imejaa ukungu kwa ndani, sioni mtu wala njia, nikafuata mteremko kwa sababu mteremko ni rahisi. Nilisimama matope yaliponifika magotini.

Nilipovua miwani nilijikuta bondeni, peke yangu, kando ya kijito. Juu darajani gari la ofisi ya mazingira lilikuwa limesimama, na Dada Rehema ananitazama.

"Dada, watu wanakimbia," nikamwambia, "sijui kuna nini."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka matopeni.

"Katibu," akasema, "wanakukimbia wewe."

Pamoja na hayo hakudharau kazi yake. Alikwenda kwanza kwenye lori, akavaa glavu, akachota yale maji akayapima kwa vikaratasi vyake, mpaka dereva akatokea na chai yake mkononi akasema ni maji tu, rejeta inavuja. Ndipo tukapanda uwanja wa shule, watu walikokimbilia.

Walikuwepo wote. Vitenge vimelowa puani, wazee wamekalishwa, na Mama Upendo anaita majina, nyumba kwa nyumba. Walikuwa wamepanda juu, upande upepo unakotoka, kama nilivyowafundisha. Hakuna aliyeshuka bondeni isipokuwa mwalimu. Nikavua barakoa mbele yao, na natamani ningesema nilivua kwa ujasiri, lakini kamba ilikwama sikioni.

"Kamwene, Katibu," akanisalimia Mama Upendo kikwetu. "Kumbe sumu ni wewe."

Walivyocheka, nadhani Mahongole walisikia. Nami nikacheka, ila machozi yalinitoka, kwa sababu nilijua sanduku limekwenda na aliyelipeleka ni mimi. Dada Rehema akasubiri wanyamaze, akasema hajawahi kuona kata iliyojiondoa haraka na kwa mpangilio namna ile, na kwamba sanduku linabaki Lyamkena. Halafu, mbele ya wote, akaninyooshea mkono nimpe ufunguo wa sanduku, nikampa, akamkabidhi Mama Upendo.

Nimenunua koti la pili, zito, na nimeapa vazi la kazi sitalivaa tena kwa sababu ya baridi. Ukatibu ninao bado. Ila kila tukifanya mazoezi, Mama Upendo ndiye anayegawa kazi, huyu filimbi, huyu wazee, huyu majina, na akifika kwangu haulizi mtu, ananikabidhi ovaroli na kunielekeza nikasimame bondeni, niwe sumu.